Kinasa cha traki nyingi: nichukue kipi?

Salaam ndugu zangu. Naomba ushauri. Napiga gitaa na kuimba, na wikiendi tunakutana wanne kuimba pamoja. Nataka turekodi nyumbani, lakini nimeshinda na kompyuta kazini kutwa nzima, sitaki kuiona tena jioni. Nakutana na vinasa vya traki 8, 16 na 24, sijui tofauti yake ni nini hasa. Mwenye uzoefu anisaidie.

*

Salaam dada. Wazo la kuiweka kompyuta pembeni nakuunga mkono kwa moyo wote. Kinasa unakiwasha, unabonyeza kitufe chekundu, unaimba.

Ile namba kubwa kwenye boksi ndiyo inayowapoteza wengi. Inakueleza traki ngapi, yaani njia za sauti zinazohifadhiwa kila moja peke yake, zinaweza kusikika pamoja. Wewe tafuta nyingine, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo: traki ngapi zinarekodiwa kwa mpigo mmoja. Tascam DP-008EX ina traki 8 lakini inarekodi 2 tu kwa wakati mmoja. Zoom R16 ina 16, inarekodi 8. Tascam DP-24SD ina 24, nayo inarekodi 8 vilevile. Siku mnapoketi wote wanne, hizo mbili za mwisho zina uwezo sawa, japo namba za kwenye boksi zimepishana.

Ukiwa peke yako, traki 2 kwa mpigo zinatosha kabisa: gitaa kwanza, halafu sauti juu yake, halafu sauti ya pili. Portastudio ya kwanza ya Tascam, ya mwaka 1979, ilikuwa ya kaseti na traki 4, na watu waliitumia hivyohivyo; traki zikijaa, wanazichanganya tatu ziwe moja, wanaendelea.

Kwa waimbaji wanne lazima uamue mapema. Maiki 2 mbele ya kundi zinaleta sauti tamu, ya watu walio chumba kimoja, ila aliyesogea karibu mno atabaki juu na huna namna ya kumshusha. Ukimpa kila mtu maiki yake, utamshusha, ingawa sauti ya jirani yake itakuwa imeingia humohumo, kwa hiyo aliyekosea beti huwezi kumfuta kabisa. Mimi ningechukua chenye 8. Anayeanza na 2 huku ana kundi hachelewi kukwama.

Kingine ni maiki zenyewe. Za kondensa, zile nyepesi kunasa sauti ndogo, zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kinasa, na si kila tundu linautoa. R16 inautoa kwenye matundu 2 tu kati ya 8. Maiki za dainamiki hazihitaji umeme huo. Gitaa la umeme lichomeke kwenye tundu lenye swichi ya Hi-Z (iliyowekwa kwa ajili ya gitaa), la sivyo sauti inafifia na kupoteza ukali wake.

Kadi isikusumbue. Traki moja ya biti 24, kHz 44.1 (vipimo vya ubora wa sauti), inakula takriban MB 8 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 5 wenye traki 8 ni kama MB 320. Kadi ya GB 32 inabeba nyimbo nyingi sana. Muhimu zaidi, hamishia faili za WAV, yaani sauti mlizorekodi, kwenye diski nyingine kila mnapomaliza, maana kadi ikiharibika hakuna wa kuwarudishia siku ile.

*

Ahsante sana kaka, sasa naelewa. Ila naishi ghorofani na kuta ni nyembamba. Pia huenda nikahamia nchi nyingine.

*

Gitaa la umeme lirekodi moja kwa moja bila spika, jirani atasikia nyuzi tu kama atasikia. Kuimba, tumia maiki ya dainamiki karibu na mdomo. Haiokoti sana kelele za mbali, na hutalazimika kupaza sauti. Hedifoni ziwe zile zinazofunika sikio lote, la sivyo muziki unaousikiliza utavuja na kuingia kwenye maiki. Acha kilele cha sauti kicheze karibu na -12 dB kwenye mita ya kinasa, ambapo 0 ndiyo kikomo. Kwa biti 24 hupotezi kitu, na ukipaza kwenye kiitikio haitapasuka.

Kuhusu kuhama, soma maandishi kwenye adapta. Ikiwa imeandikwa 100–240V, utabadilisha plagi tu. Ikiwa imeandikwa volti za upande mmoja, 120 au 230, usiichomeke kwenye umeme wa upande wa pili: nunua adapta nyingine yenye volti, ampea na mpangilio wa chanya na hasi vilivyoandikwa kwenye kinasa. Ukipata kilichotumika, nenda na hedifoni na maiki yako, ujaribu kila tundu na kila kitelezi kabla hujalipa.