Mjadala: Filamu fupi za jazz zenye dhihaka ya rangi, zikatwe au zionyeshwe nzima?

MLETA MADA
Wakuu, tujadili bila matusi. Kila zinapoonyeshwa upya zile filamu fupi za jazz na swing za Marekani, za kati ya 1929 na 1947 hivi, hoja huwa ileile: muziki ubaki, vipande vinavyodhalilisha watu weusi vitupwe. Mimi nasema zionyeshwe nzima, maelezo yatangulie.

Chukueni A Rhapsody in Black and Blue ya 1932. Mwanamume anapenda santuri kuliko kazi, mkewe anamtwanga kichwani, anazimia na kuota kawa mfalme wa nchi ya jazz. Anayemtumbuiza ni Louis Armstrong, kavalishwa ngozi ya chui, kasimama katikati ya mapovu ya sabuni. Mavazi yale ni matusi matupu. Lakini akishaweka tarumbeta mdomoni, mfalme na kiti chake wanageuka mapambo. Sasa hapo utakata nini? Tusi na ufundi vimo kwenye picha moja.

KIJANA WA KARIAKOO
Mkuu, hayo maelezo nani atayasoma? Mtoto anakutana na kipande cha nusu dakika kwenye simu, anacheka, anasambaza. Anayechekwa ni mimi na wewe. Tazama Jungle Jig ya 1941, na mwimbaji na mwigizaji Dorothy Dandridge alivyo mzuri: "Afrika" ya kubuni studio, ya vichekesho. Kuna watu walilipwa kutuchora hivyo. Kwa nini niwasambazie kazi yao bure zaidi ya miaka themanini baadaye? Mtaka muziki asikilize santuri.

MPIGA BESI
Santuri haikuonyeshi mtu, kaka. St. Louis Blues ya 1929 ndiyo filamu pekee aliyoigiza Bessie Smith, mwimbaji wa blues. Inaanza na wacheza kamari ya dadu, kisha mwanamume wake anamsukuma sakafuni na kumwacha. Baadaye yuko baa, bia mkononi, anaimba na wateja wanamwitikia kama kwaya. Ukikata ule mwanzo hutajua analia nini.

Ila na nyie wa "nzima" msitie chumvi. Zile soundies za miaka ya 1940, yaani filamu fupi za wimbo mmoja mmoja kama hiyo Jungle Jig, zilitengenezwa kwa ajili ya Panoram, mashine ya kuonyeshea filamu ya kampuni ya Mills Novelty ya Chicago. Unatumbukiza senti 10, unapata wimbo wa dakika tatu hivi. Mkanda mmoja ulikuwa na filamu nane zinazofuatana, huchagui; ukitaka ya nne, lipia zilizotangulia. Na sauti ilirekodiwa kwanza, picha baadaye, wanamuziki wakifuatisha. Kwa hiyo anayetaka kujifunza upigaji kwa kutazama vidole vile awe mwangalifu.

MLETA MADA
Nashukuru, hilo la sauti wengi hawalijui. Kijana, nikuulize: unajua nani aliyezoea mkasi? Mwimbaji mweusi Lena Horne alipokuwa kwenye studio ya filamu ya MGM, nyimbo zake ziliwekwa pembeni ya hadithi ili majumba ya sinema ya Kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi mkali, yaweze kumkata bila filamu kuharibika. Na Jammin' the Blues ya 1944, filamu safi kabisa, mpiga saksafoni Lester Young na kofia yake, moshi wa sigara, hakuna chui wala mapovu. Hata humo, Barney Kessel, mpiga gitaa na mzungu pekee kundini, alifichwa gizani, mikono ikapakwa rangi ya matunda ili isionekane myeupe. Nafuu tusi linaloonekana kuliko hilo la kufunikwa.

KIJANA WA KARIAKOO
Hapana, usinichanganye na hao. Wale walimkata mtu ili dharau ibaki. Mimi nakata dharau ili mtu abaki. Hayo hayafanani hata kidogo.

Nakubali jambo moja tu: ukumbini, mbele ya mtu wa kueleza na kujibu maswali, ionyeshwe nzima. Vipande vya kuzagaa mtandaoni, hapana.

MPIGA BESI
Afadhali. Lakini nenda katazame mpiga piano Fats Waller kwenye Your Feet's Too Big, 1941. Anazungusha macho, anapandisha nyusi, anamtania dada wa watu miguu. Kuna wanaoona pale mtu mweusi kafanywa kichekesho. Mimi naona fundi anayewacheka waliomlipa. Ukipewa mkasi, utaanzia wapi?