Koti langu jekundu limezua maneno Njombe: nilivae au niliache?

Binti wa Pwani ameandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Tanga, na tangu Machi mwaka huu ninatunza kumbukumbu katika ghala moja la parachichi hapa Njombe mjini. Nimelelewa mahali ambapo gauni jepesi na mtandio vinatosha mwaka mzima, kwa hiyo kipupwe kilipoingia mwezi Juni sikuwa na hata sweta moja ya maana. Wenyeji wanajua kwamba mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kwamba usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mimi nilijulishwa na vidole vyangu, ambavyo kila asubuhi vilikuwa vikishindwa kushika kalamu.

Napenda mavazi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Jumamosi moja, belo la makoti lilipofunguliwa sokoni, niliona koti la sufu, jekundu kama pilipili iliyoiva, linalopita magoti kidogo, lenye vifungo sita vikubwa na bitana ya kijivu iliyochanika kwapani. Nililiacha na kulirudia mara tatu, kisha nikalinunua kwa shilingi 35,000. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, mimi na wenzangu wawili wa kazini hutoka kutembea: tumekwenda kwenye maporomoko ya Luhuji, tumepita kando ya mashamba ya chai ya Luponde, tumepigana picha ukungu ukiwa bado haujaondoka. Ndiyo furaha yangu ya wiki nzima.

Wiki mbili zilizopita, tukitoka Luhuji, tulipita nyumbani kwa jirani aliyefiwa na mama yake. Sikutaka kupita kama ambaye sijaona, nikaingia kuhani nikiwa na koti lile lile. Nilikaa mkekani pamoja na akina mama karibu saa nzima, na hakuna aliyeniambia neno. Kesho yake mama mwenye nyumba aliniita jikoni kwake, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, koti lako lilifika msibani kabla yako.” Tangu siku hiyo nikielekea kazini nasikia nikiitwa “yule wa koti jekundu”, na dada mmoja kazini amesema kwamba ninajionyesha.

Naomba ushauri wenu. Nilipeleke kwa fundi alitie rangi nyeusi, niliuze, au niache kwanza matembezi mpaka watu wasahau? Mwezi huu tulikuwa tumepanga kwenda Kitulo.

Mama wa Uwemba amejibu:

Kamwene mwanangu. Nimesoma maneno yako yote, na nataka uelewe kwamba mama mwenye nyumba wako amekutendea jema, kwa sababu asiyekupenda angekuacha uendelee kukosea. Huku kwetu mwanamke huingia msibani akiwa amejifunga kitenge juu ya nguo zake, hata kama chini yake amevaa kitu cha thamani gani. Kitenge hicho kinawaambia wafiwa kwamba umekuja kukaa nao, na kwamba ukiambiwa uchote maji au umenye viazi, uko tayari. Koti lako halikuwa na kosa, mwanangu. Kilichopungua ni kile kitenge.

Kwa hiyo rudi pale. Usisubiri arobaini. Jifunge kitenge, beba unga kidogo au mzigo wa kuni, mwambie mfiwa kwamba siku ile ulitoka matembezini na hukujua utaratibu. Usitoe maelezo marefu. Ukimaliza kusema, inuka uwasaidie waliopo jikoni. Tangu leo kitenge kimoja kikae ndani ya mkoba wako kila unapotoka, kwa maana katika mji wetu msiba haukupi nafasi ya kurudi nyumbani kubadili nguo.

Kuhusu kuitwa “yule wa koti jekundu”, usiumie. Hapa mtu hutambulishwa kwa kitu alichonacho kabla jina lake halijajulikana. Binti yangu alipokuwa akisoma alikuwa na sweta ya njano, na siku aliposahau mkoba wake ndani ya gari, kondakta aliuliza stendi nzima habari za msichana wa sweta ya njano mpaka mkoba ukafika mlangoni kwangu, ukiwa na ada yote ndani.

Fundi wa Makambako amejibu:

Dada, nakusihi usilitie rangi. Sufu itaipokea, lakini makoti mengi ya aina hiyo yameshonwa kwa uzi wa poliesta, ambao haushiki rangi ya kawaida, hivyo utapata koti jeusi lenye mishono myekundu kuanzia kola hadi pindo. Zaidi ya hapo, rangi hupikwa kwa maji ya moto, na sufu ikichemshwa huku ikikorogwa hujikunja na kushikana. Nimewahi kuletewa koti la mtu mzima lililotoka sufuriani likiwa saizi ya mtoto wa darasa la pili, na sikuwa na la kumsaidia mwenyewe.

Kitu cha kutengeneza ni hiyo bitana. Iondoe yote, weka ya satini, kwa sababu satini huteleza juu ya sweta na haitavuta mikono unapovaa. Unapokwenda kupimwa, vaa sweta yako nene, vinginevyo koti litakubana siku ya baridi kali. Urefu na ubavu vinapunguzwa bila shida. Mabega ndiyo magumu, kwa hiyo kama mabega yamekukaa vizuri, umepata koti zuri. Usilifue mara kwa mara. Lipigie brashi, na ukitaka kulinyoosha weka kitambaa chenye unyevu juu yake kabla ya kupitisha pasi, hasa kama pasi yako ni ya mkaa. Likilowa, litandaze kivulini hata kama litachukua siku tatu kukauka. Usilikaushe kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana hewa ya mkaa inaua watu usingizini.

Dada wa Tukuyu amejibu:

Ninakubaliana na Mama kuhusu msiba, ila sikubaliani kwamba uzoee kuitwa jina la nguo. Huyo mwenzako wa kazini muulize ana kwa ana, kwa adabu, ni kitu gani kilichomkera. Mara nyingi anayesema hivyo anatamani kualikwa Jumapili na hajaalikwa.

Matembezi usiyaache, lakini Kitulo isubiri. Watu huenda kule kwa ajili ya maua, na maua hayo huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Kumbuka huku hatuna vuli na masika kama kwenu Tanga; msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu, upepo, na asubuhi nyingine sakitu, kwa maana uwanda ule unafika mita 2,600. Njooni kwetu Rungwe mwone Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Vaa fulana, sweta, kisha koti, taiti chini ya gauni, na viatu vyenye soli ya meno, kwa sababu mawe ya kando ya maji yanateleza sana.

Binti wa Pwani amejibu:

Asanteni sana wazazi na dada zangu. Jana nilikwenda kwa yule jirani na kilo tano za unga, nikiwa nimejifunga kitenge cha mama mwenye nyumba juu ya koti, kwa sababu baridi ilikuwa kali mno kuliacha. Nilisema maneno machache kama Mama alivyonielekeza, nikaenda kumenya viazi. Tulipokuwa tukiosha vyombo, binti wa marehemu alishika ukingo wa mkono wa koti lililokuwa likichungulia chini ya kitenge, akalipapasa, akaniuliza belo lile lilifunguliwa kwa nani na kama yamebaki mengine. Jumamosi tunakwenda sokoni pamoja. Fundi, nikitoka huko nitapanda gari nikuletee bitana. Naomba uniambie nichukue mita ngapi.