Naanza kazi ya kuongoza wageni wa uvuvi wa michezo Watamu, wenye uzoefu naombeni ushauri

MtotoWaMida
Wakubwa shikamooni, wenzangu salamu.

Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Watamu, pwani ya Kenya. Bahari nimefunzwa na babu tangu nikiwa darasa la tatu: mshipi wa mkono, mtumbwi, baadaye mashua. Nguru, kolekole na jodari nawajua. Sasa kaskazi inakaribia na nimepata kazi kwenye boti ya wageni wanaovua kwa mchezo. Nahodha yupo tayari. Mimi nitakuwa baharia wa nyuma, na ndiye nitakayekaa na wageni, kwa kuwa naongea Kiingereza na Kitaliano kidogo. Naanza baada ya wiki mbili.

Mambo matatu yananikosesha usingizi. Kwanza, sijawahi kumhudumia mtu aliyelipa pesa nyingi akarudi pwani mikono mitupu. Pili, sulisuli na nduaro, wale samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, tunawaachia. Nilipomwambia babu kwamba samaki wa kilo 30 anasogezwa hadi ubavuni mwa boti kisha anarudishwa majini, alinyamaza kitambo, akasema, "Riziki haitemwi." Sikuwa na jibu, na bado sina. Tatu, sijapewa karatasi yoyote ya kazi. Nimeambiwa mshahara ni mdogo lakini "bakshishi zitakutosha".

Naombeni mawazo yenu.

Nahodha_Kusi
Marahaba mwanangu. Nimebeba wageni mkondo wa Pemba nikitokea Shimoni kwa miaka 19, kwa hiyo nitaanza na lile ambalo hukuuliza: mikono yako.

Kwenye mtumbwi umezoea kuvuta samaki kwa mshipi wa mkono. Huku samaki anachoshwa na rodi, wewe unaingia mwishoni kabisa, pale mshipi mnene wa mbele ya ndoana unapotokeza juu ya maji. Hapo ndipo watu huumia. Vaa glavu ngumu. Ukiuzungusha mshipi mkononi, uzungushe kwa namna ambayo ukifungua vidole unatoka wenyewe. Nduaro anaweza kupita kilo 100, na akikuona huwa bado ana mbio moja ya mwisho. Nimemwona kijana akivutwa mpaka kifua kikagonga ukingo wa boti kwa sababu mshipi ulimbana kiganja. Na usisimame kamwe juu ya mshipi uliojikunja sakafuni. Mwombe nahodha wako mfanye mazoezi mkiwa mmetia nanga, mmoja avute kama samaki, mwingine ashike.

Kuhusu kuachia: usimtoe majini ili mgeni apige picha. Mshike mdomo wake ule wa mkuki, kichwa kikielekea mbele, nahodha atembeze boti polepole ili maji yapite kwenye matamvua. Utaona rangi yake inarudi. Akianza kupiga mkia kwa nguvu, mwachie. Pengine itachukua dakika kadhaa, na mgeni atakuwa anakuita upige picha. Mwambie asubiri. Ndoana ikiwa imezama ndani ya koo, usiichokore, kata mshipi karibu na mdomo. Ndiyo maana mimi napenda ndoana za duara: nyingi hunasa pembeni mwa taya. Lakini mfundishe mgeni mapema kwamba kwa ndoana hizo hapigi rodi juu kwa kishindo. Anamwacha samaki aondoke na chambo, mshipi ukaze wenyewe.

BintiMalindi
Kaka, mimi napokea wageni wa boti hapa Malindi. Suala lako la kwanza hutatuliwa kabla ya boti kuondoka. Jioni moja kabla, zungumza na mgeni. Muulize amewahi kuvua nini, anataka nini, na kama anaugua bahari. Mwambie ukweli kuhusu msimu: sulisuli ndio wanaanza kuchanganya kuelekea Novemba na Desemba, jodari wa Agosti hadi Oktoba wanapungua. Usimwahidi samaki. Mwahidi kwamba mtafanya kazi kutwa.

Dawa ya kichefuchefu ainywe kabla ya safari. Akishaanza kutapika imechelewa. Wakati wa kurambaza, yaani kuburura chambo nyuma, boti inapita polepole huku ikiyumba, na moshi wa injini unarudi nyuma. Mkalishe penye hewa, aangalie upeo wa macho, asiangalie simu. Mpe tangawizi na biskuti kavu.

Na saa zile ambazo hakuna kinachogusa chambo, usikae kimya na simu yako. Mwonyeshe membe wanavyopiga mbizi na umweleze kwamba chini yao kuna samaki wadogo wanaokimbizwa. Mkija upande wetu, mwonyeshe pale maji ya kahawia ya mto Sabaki yanapokutana na maji ya buluu, na kwa nini mnaburura chambo kwenye mstari ule. Mruhusu afunge chuchunge, samaki mdogo wa chambo, kwenye ndoana mwenyewe. Nimewapokea wengi waliorudi bila samaki na bado wakaweka siku nyingine, kwa sababu walijifunza kitu.

Kipini_Mvuvi
Mimi nitasema tofauti. Babu yako ana haki. Sisi tunaotoka na mashua tunatafuta kitoweo siku nzima, halafu tunaona boti yenye injini mbili inamrudisha samaki ambaye angelisha nyumba tano. Msimwambie mzee kwamba hajaelewa. Ameelewa.

Nahodha_Kusi
Ndugu yangu wa Kipini, sikukatalii uchungu huo, mimi mwenyewe nilianza kwa mshipi wa mkono. Ila siyo kila samaki anaachiwa. Jodari, nguru na fulusi kwa kawaida hubaki botini, na kwenye boti nyingi za huku samaki ni wa boti, siyo wa mgeni. MtotoWaMida, uliza mapema samaki hao huenda wapi. Tajiri wangu wa kwanza alikuwa akiuza wote hotelini. Tulizungumza naye hadi akakubali mabaharia tupate fungu kila safari, na mama zetu wakaacha kutuuliza maswali.

Halafu kuna alama, yaani tagi. Hapo hapo Watamu kuna shirika la African Billfish Foundation, ambao wanashughulika na kuwapachika alama sulisuli na nduaro wanaoachiwa. Unajaza kadi: tarehe, mahali, makadirio ya uzito. Samaki huyo akivuliwa tena popote, inajulikana amesafiri hadi wapi na amekaa muda gani baharini. Jifunze kuipachika vizuri, mgongoni, mbali na kichwa. Babu anaweza kupenda kujua hilo.

Mwanasheria_Mtwapa
Usipande boti bila mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Uandikwe mshahara, siku za mapumziko, nani atalipa hospitali ukiumia kazini, na utalipwa nini miezi ya kusi ambapo safari ni chache. Bakshishi ni hisani ya mgeni. Haiwezi kuitwa mshahara.

Hakikisha boti imekaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, maboya ya kuvaa yanatosha kila mtu na redio inafanya kazi. Leseni za uvuvi wa michezo ziwe botini. Mipaka ya hifadhi ya kitaifa ya bahari ya Watamu, ambayo ipo tangu 1968, uijue kwa macho: ndani ya hifadhi hakuna kuvua, hata mgeni akisisitiza kwamba ni chambo kimoja tu.

Nahodha_Kusi
Hapo umenikumbusha. Huku Shimoni tuna mpaka mwingine, ukizidi kwenda kusini umeingia maji ya Tanzania. Kwenu hatari ni ule mlango wa Mida, pale hori inapofungukia baharini. Maji ya bamvua yakitoka kwa kasi na mawimbi yakija kutoka nje, panachafuka ghafla. Mgeni mwenye haraka ya kuwahi chakula cha mchana asiwafanye mkapita wakati siyo wake. Muulize babu kuhusu mlango huo. Nina hakika anajua kuliko nahodha wako.

MtotoWaMida
Nimerudi baada ya wiki tano. Samahanini kwa ukimya.

Mkataba nimepata, kurasa mbili, na fungu la samaki limeandikwa humo. Tajiri alinung'unika kidogo, akatia sahihi.

Safari yangu ya kwanza tulikuwa na baba na bintiye kutoka Bologna. Kwa muda wa saa sita nzima, hakuna kitu. Nilifanya alivyosema dada wa Malindi: binti akafunga chuchunge, akaharibu wanne, wa tano akakaa sawa. Saa saba na nusu sulisuli akampiga huyo wa tano. Binti alilia akiwa ameshika rodi. Nilimshika samaki mdomo, boti ikitembea polepole, nikaona mgongo wake unageuka kutoka rangi ya shaba hadi buluu. Sijawahi kumwona samaki akipata rangi mkononi mwangu. Siku zote nilizoea kuwaona wakiipoteza.

Jioni nilimpelekea babu nguru nusu, na nikamwonyesha picha ya kadi ya alama kwenye simu. Akaniambia nimsomee. Nilipofika kwenye mahali, akanisimamisha, akataka niseme tena ni umbali gani kutoka mlangoni na maji yalikuwa ya rangi gani. Kisha akasema hapo sulisuli walikuwepo hata enzi za baba yake, na nitoke nusu saa mapema zaidi maji yakiwa yanajaa.

Jumamosi anakuja nami kumwonyesha nahodha njia yake ya kupita mlangoni. Mzee wa Shimoni, glavu zangu zimeshachanika kwenye kidole gumba. Wewe unanunua za aina gani?