Mjadala: Mrushaji huru aliyevuka miaka 30 apewe mkataba wa miaka 7?

Wadau wa besiboli, naweka hoja mezani na ninaomba mnijibu kwa hoja. Timu ya ligi kuu ya Marekani inayompa mrushaji huru wa miaka 30 na kitu (anayemrushia mpigaji mpira, na aliye huru kusaini na timu yoyote) mkataba wa miaka 6 au 7 inajitia kitanzi, hata awe hodari vipi. Dau sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni miaka.

Chukueni Washington Nationals. Mwaka 2019 walitwaa ubingwa wao wa kwanza, mrushaji wao Stephen Strasburg akawa mchezaji bora wa fainali, na Desemba akasaini miaka 7 kwa dola milioni 245. Kuanzia hapo hadi anastaafu 2024 alianza mechi 8 tu, akashinda moja. Alipasuliwa kwa sababu ya neva zilizobanwa kati ya shingo na bega, akajaribu kurudi Juni 2022 dhidi ya Miami Marlins, wapigaji wakaishambulia vibaya mipira yake, na hakuonekana tena uwanjani. Besiboli si kama michezo mingine ambako timu inaweza kuvunja mkataba ikaokoa fedha: ukishasaini, pesa ni zake, arushe asirushe.

Na huyu hakuwa mgeni kwao. Walimchagua wa kwanza kabisa 2009, wakamuuguza kiwiko kilipopasuliwa 2010, na 2012 wakampumzisha Septemba, timu ikielekea mechi za mtoano, ili tu kuulinda mkono ule. Kama wao waliomjua hivyo walikosea, timu inayomnunua mrushaji kutoka kwa wapinzani itategemea nini? Vipimo vya siku moja?

Najua mtaniletea mrushaji mwingine, Max Scherzer. Klabu ileile, Januari 2015, miaka 7, dola milioni 210. Akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, 2016 na 2017, kisha ubingwa. Ni usajili mzuri mno, nakubali kwa moyo wote. Lakini alisaini akiwa na miaka 30, Strasburg 31. Nani kati yenu angeweza kusema mapema yupi atadumu?

Tatizo liko kwenye utaratibu wenyewe. Mchezaji huwa huru baada ya kutimiza miaka 6 ya utumishi kwenye ligi kuu, kwa hiyo anapoingia sokoni mkono wake umeshatumika sana, mpira baada ya mpira kwa kasi inayofika kilomita 150 kwa saa. Kano ya kiwiko ikichanika, madaktari wanachukua kano sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza pale, na msimu mzima unapotea, mara nyingine zaidi.

Kuna hoja nyingine naiheshimu zaidi: wapigaji nao huumia. Anthony Rendon aliondoka Nationals majira yaleyale kwenda Los Angeles Angels, naye kwa miaka 7 na dola milioni 245 zilezile, na majeraha yakammaliza. Ni kweli. Ila mtazameni Shohei Ohtani, ambaye hurusha na kupiga pia. Alipasuliwa kiwiko Septemba 2023, na msimu wa 2024 hakurusha hata mpira mmoja kwenye mechi za timu yake, Los Angeles Dodgers. Akiwa mpigaji tu, alipiga home run 54 (mpira unaovuka uzio wa uwanja) na kuiba vituo 59 (kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe). Kiwiko kilekile kilichomzuia kurusha hakikumzuia kupiga. Mrushaji mtupu hana pa kujificha kiasi hicho.

Kwa hiyo mimi ningelipa zaidi kwa mwaka, kwa miaka michache. New York Mets walimpa Scherzer huyohuyo miaka 3 kwa dola milioni 130 mwishoni mwa 2021, akiwa na miaka 37. Mambo hayakuwaendea vizuri, wakamuuza katikati ya 2023, lakini deni la kubaki nalo lilikuwa la muda mfupi.

Anayenipa shida ni Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Dodgers: miaka 12, dola milioni 325, lakini alisaini akiwa na miaka 25, na 2025 akawa mchezaji bora wa fainali. Wanaotetea mikataba mirefu, mpaka wa umri mnauweka wapi?