Mrejesho: gari lililokuwa likizima kila nikiachia mafuta

Wakuu, niliuliza kuhusu gari langu kuzima kila ninapoachia mafuta, huku sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda na kushuka. Wengi mlisema nisafishe valvu ya sailensi, ile inayopitisha hewa pembeni wakati kipepeo cha throto (kile kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini ukikanyaga mafuta) kimefungwa. Mlikuwa sahihi kabisa.

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikaitoa valvu. Ncha ilikuwa nyeusi tii, masizi yamegandamana hadi ndani ya tundu lake. Nikapulizia dawa ya kusafishia throto na kusugua kwa mswaki laini, ncha ikielekea chini ili uchafu usiingie kwenye mota. Asante sana uliyenionya nisiisukume ncha kwa vidole. Meno ya ndani huharibika. Nikaiacha ikauke. Gasketi nimeweka mpya, maana hewa ikivuja pale tatizo linabaki palepale.

Nilipowasha, injini ilinguruma juu kwa muda, kisha kompyuta ya gari ikajipanga. Sasa ikipata moto inatulia kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika, na hata nikiwasha AC haizimi. Nimefurahi mno! Umebaki mtetemo mdogo injini ikiwa baridi, nitaanza kuangalia plagi.