Umemfunza mtu, kisha anakuletea barua ya kujiuzulu: maafisa rasilimali watu wa Uganda, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (kiwandani, Namanve)

Ndugu wanachama, salaam. Ndani ya miezi hii miwili nimepokea barua tatu za kujiuzulu kutoka kwa waendesha mitambo ambao sisi wenyewe tuliwafunza tangu walipokuwa hawajui hata kuizima mashine. Wawili wamekwenda kiwanda cha jirani, mahali ambapo mtu hufika kwa miguu, na wa tatu yumo katika notisi yake huku akijiandaa kusafiri kwenda nchi za Ghuba. Kisheria hawana kosa lolote, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mtu aliyefanya kazi kati ya mwaka 1 na miaka 5 atoe notisi ya mwezi 1, nao wote waliitoa. Tatizo ni kwamba ndani ya mwezi 1 mimi sijamaliza hata usaili, na mtu mpya huhitaji karibu nusu mwaka kabla sijathubutu kumwachia mtambo peke yake zamu ya usiku.

Mkurugenzi wetu anataka kila atakayefunzwa kuanzia sasa atie saini mkataba wa kutoondoka kwa miaka 2, na akiondoka alipe gharama. Moyo wangu unasita, ila sina hoja ya kumpa. Naomba visa vilivyowapata ninyi wenyewe, bila kutaja jina la kampuni.

Mchangiaji wa 1 (huduma za fedha, Kampala)

Ndugu yangu, mkataba wa namna hiyo tulikuwa nao. Tuliwapeleka vijana wawili wa kitengo cha kompyuta Nairobi kwa mafunzo, na kila mmoja akasaini miaka 2. Wa kwanza aliondoka baada ya miezi 7, kwa sababu mwajiri mpya alimlipia deni lote kwa hundi moja. Wa pili alibaki, na huyo ndiye aliyetugharimu zaidi: alifika saa 2 asubuhi, akaondoka saa 11 jioni, hakumwelekeza mwenzake yeyote, na siku ileile muda wake ulipotimia akaleta barua. Tulipata miaka 2 ya mahudhurio, na ujuzi wenyewe haukumfikia mtu mwingine ofisini.

Tangu hapo tumebadilisha sharti. Anayerudi kutoka mafunzoni hafungwi kwa mkataba, bali anapewa wenzake watatu na miezi mitatu ya kuwafundisha, na muda huo unahesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake. Wapo waliokwisha kuondoka chini ya utaratibu huu, lakini hakuna aliyeondoka akatuacha gizani.

Mchangiaji wa 2 (kiwandani, Jinja)

Nawashukuru kwa mada hii. Naomba niseme jambo ambalo kwetu lilifichika kwa miaka mingi kwa sababu halikuwa likiandikwa popote kuwa ni kuondoka kwa wafanyakazi.

Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua asiajiriwe mfululizo zaidi ya miezi 4, na akipita hapo anastahili mkataba wa maandishi pamoja na haki zote za mfanyakazi. Kiwanda nilichokikuta kilikuwa na desturi yake: kila miezi 3 na wiki kadhaa, kundi zima la wafungashaji lilipumzishwa wiki mbili, kisha likaitwa upya kana kwamba ni watu wageni. Nilipouliza niliambiwa kwamba tunaokoa fedha za likizo na mchango wetu wa asilimia 10 wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Nami, niseme ukweli, niliendesha utaratibu huo mwaka mzima na kuzisaini orodha zake kwa mkono wangu, jambo ambalo linaniuma hadi leo.

Kilichonifungua macho ni daftari la msimamizi wa zamu. Mzee yule alikuwa akiandika kwa kalamu kila mfuko uliopasuka, kila lebo iliyobandikwa vibaya na kila saa ambayo mashine ilisimama. Nilipoziweka tarehe zake kando ya orodha zangu, niliona hasara ikipanda katika wiki mbili za kwanza za kila kundi, bila kukosa. Sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kushinda njaa: mtu anayepumzishwa bila malipo hakai nyumbani kutusubiri, hutafuta shamba la miwa, pikipiki ya bodaboda au mjengo, na akipata hapati sababu ya kurudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kila kundi ilikuwa ni wageni kweli, nasi tulikuwa tukiwafunza upya watu wa kazi ileile mara tatu kwa mwaka bila kuita hiyo gharama.

Nilipeleka hesabu hizo kwa mhasibu kabla ya kuzipeleka kwa mkurugenzi, na ninawashauri mfanye hivyo, maana hesabu iliyotoka kwa mhasibu husikilizwa tofauti na ya kwetu. Tuliwapa mikataba watu 40 kwanza, wakaingia NSSF, wakapata siku 21 za likizo kwa mwaka. Wengi wao bado wapo. Mmoja ndiye msimamizi wa zamu leo, na daftari la mzee amelirithi yeye.

Mchangiaji wa 3 (karakana, Hoima)

Huku kwetu ushindani si wa kiwanda cha jirani. Tangu maamuzi ya mwisho ya uwekezaji wa mafuta yalipotangazwa mwezi wa 2 mwaka 2022, kila fundi wa kuchomelea mwenye cheti alijua kwamba bomba la kilomita 1,443 kutoka hapa hadi Tanga linamhitaji. Karakana yetu ndogo haiwezi kulingana na mishahara hiyo, wala sikujaribu. Nilichofanya ni kumwandikia kila anayeondoka barua nzuri ya utumishi, kumlipa haki zake zote siku ya mwisho, na kumwambia mlango uko wazi. Kazi za mradi zina tarehe ya kwisha. Mafundi wawili wamekwisha kurudi, tena wakiwa na ujuzi wa ukaguzi wa viungo vilivyochomelewa ambao mimi nisingeweza kuulipia.

Mchangiaji wa 4 (kahawa, Mbale)

Dada zangu mtanielewa. Tulikuwa na muonjaji wa kahawa, binti aliyelelewa katika mashamba ya Mlima Elgon, na ulimi wake ulichukua miaka minne kukomaa. Akajifungua, akamaliza siku 60 za kazi za likizo ya uzazi ambazo sheria inampa, akarudi, na wiki ya tatu akaleta barua. Sababu aliyoandika ilikuwa ni "mambo ya kifamilia". Nilimwita tukanywa chai, ndipo akasema kwamba maziwa yanamjaa saa 5 asubuhi katikati ya kuonja, mtoto yuko mbali, na anaona aibu kumwambia mkuu wake ambaye ni mwanamume mwenye umri wa baba yake.

Tulisafisha stoo ndogo, tukaweka pazia na kitanda, mlezi akawa anamleta mtoto mara mbili kwa siku. Barua ilirudi mkobani. Ningeiamini ile sababu iliyoandikwa, ningempoteza muonjaji kwa ajili ya chumba kimoja.

Mchangiaji wa 5 (uwakala wa forodha, Busia)

Mwenzenu hapa mpakani, mfanyakazi akivuka barabara amebadilisha nchi na mwajiri kwa pamoja. Mimi nakazia alichosema dada wa Mbale: barua ya kujiuzulu haisemi sababu. Uliza mapema, na umuulize yule anayebaki pia.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Baada ya kuwasoma nilikwenda kumtafuta mmoja wa wale wawili waliovuka kwenda kwa jirani, nikamkuta kwa muuza rolex, ile chapati ya kukunja na mayai, nje ya geti lao. Mshahara mpya, aliniambia, umezidi wetu kidogo sana. Kilichomwondoa ni kwamba ratiba ya zamu kwetu hutoka Jumapili jioni, hivyo hakuweza kupanga chochote na mkewe. Tena tangu alipofaulu majaribio ya mtambo hakuna aliyemwambia kwamba amefaulu. Alibaki na cheo cha msaidizi kwa miezi 14. Cheo hicho kilikuwa katika faili langu, na ni mimi niliyepaswa kukibadilisha.

Nimemwandikia mkurugenzi kuomba mambo mawili: ratiba itoke wiki mbili kabla, na kila anayefaulu apandishwe cheo mwezi huohuo. Suala la kuwafunga kwa mkataba wa miaka 2 nimeliambatanisha na hesabu kwa mfano wa ndugu wa Jinja, baada ya kuzipitia na mhasibu. Kijana wa Ghuba amebakiza siku 9 za notisi. Nimemwomba tukae leo jioni baada ya zamu, na sitamleta mkuu wake.