Je, masharti makali ya mazingira yatawafukuza wachimbaji wa baharini?

Mkazi wa Nzuguni:
Ndugu zangu, sisi wa Dodoma tuko mbali na bahari, lakini sheria za uchimbaji wa mafuta na gesi hupitishwa hapa bungeni. Masharti ya mazingira yakikazwa, hatutawafukuza wawekezaji?

Mwalimu wa Kizota:
Gharama ya kulegeza ndiyo kubwa zaidi, ndugu yangu. Mwaka 2010 kisima cha Macondo katika Ghuba ya Mexico kililipuka, wafanyakazi 11 wakafariki, mafuta yakatiririka kwa siku 87, na wavuvi, ambao hawakuwa na faida yoyote katika kisima hicho, wakafungiwa maeneo yao ya kuvulia.

Mstaafu wa Area C:
Naafiki, ingawa Songo Songo, kisiwa chetu cha mkoani Lindi, hutoa gesi, si mafuta ghafi, hivyo hatari zake si zilezile. Kwa maoni yangu, kinachomkimbiza mwekezaji si Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayodai tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza, bali ni vibali vinavyochelewa na masharti yanayobadilika mtaji ukiwa tayari umewekezwa.

Mkazi wa Nzuguni:
Ahsante, mzee wangu. Kumbe nilipaswa kuuliza kuhusu vibali.